Msinisifu, Shikeni Zamu

Kwa Ekegusii, neno baba maana yake ni mama. Baba wa Kiswahili, sisi humwita tata. Nikiwa na miaka saba nilipelekwa Nairobi likizo ya Desemba, nikawaambia watoto wa ploti kwamba baba ameshonewa rinda jipya la Krismasi, la maua. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa nina miaka 33, na neno hilo nimelielewa upya. Usiku, katika boma lolote la Kisii au Nyamira, mtoto akiita "baba!" anayeamka ni mwanamke. Mgonjwa akiita, anayeamka ni mwanamke. Na siku tata mwenyewe akianguka, anayeamka bado ni mwanamke. Kwetu alikuwa mimi.

Tata alipata kiharusi Agosti 2022, akitoka kupima majani chai, upande wa Nyamira, si mbali na Keroka. Upande wa kulia ulikufa wote, ulimi ukawa mzito. Alilazwa wiki tatu. Siku ya kuruhusiwa tulikuwa watatu kando ya kitanda: kaka yangu mkubwa aliyetoka Nairobi, kaka yangu wa pili ambaye ni mtu wa bodaboda pale nyumbani, na mimi. Muuguzi alituangalia, akawapita hao wawili kama nguzo za wodi, akanikabidhi mimi glavu. "Dada, kuja nikuonyeshe vile anageuzwa." Kaka zangu, watu wa kubeba gunia la mahindi begani, wakatoka nje kuzungumzia bili. Mzee alikuwa na kilo 84. Mimi nilikuwa na 57.

Jioni ile tukafanya kikao. Kaka mkubwa akasema yeye ana kazi Nairobi. Mimi pia nilikuwa na kazi Nairobi, nilikuwa nauza simu kwenye duka moja Luthuli Avenue, mwaka wa tano. Lakini inaonekana kazi yangu ilikuwa ya kupitisha wakati nikingoja bwana. "Si wewe hauna familia," wakasema. Waliyasema hayo wakiwa wamenizunguka, baba mdogo, shangazi, kaka wawili na mama yangu, hiyo familia ambayo ati sina.

Nikauliza, na kaka wa pili? Nyumba yake iko hatua sitini kutoka kitanda cha mzee. Hapo ndipo baba mdogo akasafisha koo na kuleta neno zito: chinsoni.

Kama wewe si Mgusii, nikueleze. Chinsoni ni sheria za haya na heshima kati ya kizazi kimoja na kinachofuata. Baba na mwanawe mtu mzima hawaonani uchi. Baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya mwili hayazungumzwi kati yao. Kwa mke wa mwana ndiyo kabisa, yeye na baba mkwe wake hawasogeleani. Mimi siidharau mila hii. Imewalinda watu wengi, hasa wanawake walioolewa katika maboma ya watu wasiowajua.

Kwa hiyo kaka zangu hawawezi kumwosha mzee. Chinsoni. Wifi yangu hawezi kumwosha. Chinsoni. Wote wakaitikia kwa vichwa, nami nikaitikia. Nilikuwa tayari nimebeba karai la maji ya moto mlangoni ndipo akili ikanirudia. Mimi ni nani kwa huyu mzee? Si mtoto wake? Chinsoni inamfunga binti kama inavyomfunga mwana. Ile mila iliyowaokoa kaka zangu ilitakiwa kuniokoa na mimi. Hakuna aliyeitaja kwa jina langu. Waliitumia kama mwavuli wa watu wawili, mvua ikabaki ya watatu.

Na kuna jambo jingine ambalo wazee wale walilijua vizuri kuliko mimi, wakanyamaza. Babu na mjukuu hawana chinsoni. Wao hutaniana, husimuliana hata yale yasiyosemeka mbele ya wazazi. Kama kweli tungekuwa tunafuata mila, wa kwanza kuitwa angekuwa mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye nguvu za kufunga goli kutoka katikati ya uwanja. Hakuitwa. Alikuwa mwanamume, ana mambo yake. Usiniambie basi kwamba kilichonirudisha kijijini ni mila. Mila yetu hutajwa pale inapomfungulia mwanamume mlango wa kutokea, na husahaulika pale inapomdai aingie.

Nilienda kwa wiki mbili. Nikakaa miezi kumi na tisa.

Acha nikuonyeshe kazi yenyewe, kwa sababu wanaosema "kumwangalia mzee" hudhani ni kuketi na kumwangalia. Saa kumi na nusu alfajiri kumgeuza, kumbadilisha pampas, kumpangusa, kupaka mafuta mgongoni ili asipate vidonda. Kuwasha jiko. Uji wa wimbi, kijiko kwa kijiko, ukimharakisha anapaliwa. Dawa za presha. Kumkalisha kwenye kiti, na hapo ndipo nilipoumia mgongo Novemba ile, ukakataa kurudi sawa. Kufua mashuka, na Nyamira mvua haiombwi, kwa hiyo mashuka hukauka juu ya jiko na kunuka moshi. Kumgeuza tena. Chakula cha mchana. Wageni wanaokuja kumpa pole mgonjwa, wanaotaka chai. Mazoezi ya mkono. Kumgeuza. Mama naye ana miaka 70 na magoti yaliyokula miaka arobaini ya kuchuma chai kwa nambari ya mkulima yenye jina la mumewe. Yeye alimlisha alipoweza. Wifi yangu alitupikia, akachuma chai yake, akalea wanawe wanne. Tulikuwa wanawake watatu tunazunguka kitanda kimoja, tumechoka kwa namna tatu tofauti.

Halmashauri ya takwimu ya Kenya, KNBS, ilihesabu mambo haya mwaka wa 2021 katika utafiti wa jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao. Ilikuta kwamba mwanamke hutumia asilimia 18.7 ya siku yake kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo. Mwanamume hutumia asilimia 3.6. Piga hesabu kwa saa 24: yeye saa nne na nusu hivi, wewe bro chini ya saa moja. Tena huo ni wastani wa nchi nzima, pamoja na nyumba zisizo na mgonjwa wala mtoto mchanga. Hebu weka mtu wa kilo 84 ndani ya hesabu hiyo.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili tangu nirudi. Nilikuwa jikoni, nimejimiminia chai. Nikamsikia mzee akiita. Sauti yake naijua, najua ya njaa, ya maumivu, na ya kulowa. Hii ilikuwa ya kulowa. Nilikaa. Nikanywa chai yangu yote, pole pole, nikaongeza nyingine. Aliita, akaita, akanyamaza. Nilipoingia alikuwa anatazama ukuta, na machozi yameingia sikioni. Mimi sikusikia chochote moyoni. Huruma haikuja, wala hasira, na aibu ilichelewa kwa siku tatu. Nilimbadilisha kama mtu anayefunga mzigo wa abiria asiyemjua. Huyu ni mtu aliyenibeba mabegani kwenda kliniki Keroka nikiwa na malaria. Nilimpenda, nampenda. Siku ile hakukuwa na mtu ndani yangu wa kumpenda.

Uchovu wa namna hii una watu waliousoma. Shirika la Afya Duniani liliuandika kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya mwaka wa 2019: kuishiwa nguvu kabisa, kujitenga kimoyo na kazi yako, kuona kwamba hufai tena. Niliposoma nilijiona. Kisha nikafika kwenye sharti. Wanasema hali hiyo ihusishwe na mazingira ya ajira tu, si sehemu nyingine za maisha. Kwa hiyo kwa kitabu mimi sikuwa nayo, kwa sababu sikuwa kazini. Nilikuwa nyumbani, kwetu, na baba yangu.

Wasee wa mtandaoni nao wana jibu lao: hayo ni magonjwa ya wazungu. Nyanya zetu walizaa kumi, wakalima, wakabeba kuni, na hakuna aliyesema amechoka. Tena wanaweza kukuletea ushahidi. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka wa 2021 utafiti wa zaidi ya wazazi 17,000 katika nchi 42. Walikuta kwamba wazazi wanaochoka kupita kiasi ni wengi zaidi katika nchi tajiri za Magharibi, kule ambako kila mtu hujitegemea. Mnaona? Ni ya wazungu.

Lakini soma polepole. Utafiti ule haukusema kwamba ngozi nyeusi haichoki. Ulisema kwamba panapotawala utamaduni wa kila mtu kujitegemea ndipo wazazi wengi zaidi huteketea. Sasa njoo kwetu unionyeshe huo umati unaolea nami. Mashamba yamekatwa na kukatwa tena mpaka mwana anarithi kipande cha kuegesha pikipiki. Vijana wako Nairobi, Nakuru, Mombasa. Kijiji kiko, lakini kimebaki na wazee, watoto na wanawake walioitwa kuja kuwaangalia. Tumebeba madai ya ujamaa wa zamani tukiwa na upweke wa Brussels.

Na hao nyanya zetu hawakuwa peke yao. Mwaka wa 1955 Wamarekani wawili, Robert na Barbara LeVine, walikuja Ugusii wakaishi karibu miaka miwili katika jamii waliyoiita Nyansongo, kitabu chao kikatoka 1966. Walikuta mama akienda kulima huku mtoto mchanga akibaki na omoreri, yaani mlezi mdogo, mtoto wa nyumba hiyo au wa jirani. Msichana ndiye aliyependelewa, lakini msichana asipokuwepo, mvulana alipewa mtoto na akambeba mgongoni. Palikuwa na nyanya, palikuwa na mke mwenza, palikuwa na majirani waliolima pamoja kwa zamu. Mzigo ulikuwa mkubwa na uliwaangukia wanawake hata wakati ule, sitaki kuupaka sukari. Ila ulikuwa na mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya wavulana.

Hilo la wavulana lishike. Mvulana wa miaka saba anaweza kumbeba mtoto, kumnyamazisha, kumlisha uji. Amefanya hivyo Ugusii tangu zamani. Kisha Desemba inafika, anapashwa tohara, anatoka kwenye nyumba ya mama, anahamia esaiga, nyumba ya vijana wa kiume, anaambiwa wewe sasa ni omomura, jikoni si pako. Wiki nne za kupona, na mtoto aliyejua kulea anasahau. Anasahau kwa amri. Miaka ishirini baadaye anasimama wodini kama nguzo, na sisi tunasema wanaume hawana kipaji cha kulea.

Kipaji ni kazi tu. Mwaka wa 1973 mtafiti Carol Ember alichapisha kazi yake kuhusu wavulana wa Kiluo, majirani zetu hapa kusini-magharibi mwa Kenya. Baadhi yao walipewa kazi zinazoitwa za wasichana kwa sababu nyumbani hapakuwa na msichana wa kutosha. Wavulana hao walikuwa na ubinafsi mdogo kuliko wenzao, tabia zao zimesogea karibu na za wasichana. Hakuna aliyewafanyia maombi. Walipewa ndoo na mtoto, basi.

Sitaki kusema wanaume wanastarehe. Pasaka ya 2024 kaka yangu mkubwa alikuja, tukaketi nje usiku, akaniambia neno lililonikata. "Dada, nikiona jina lako kwa simu tumbo linaniuma. Najua ni pesa." Alikuwa amechukua mkopo wa sako kulipa bili ya hospitali, akachukua mwingine kulipa ule. Jioni alikuwa anabaki kwenye gari la kazi mpaka saa tatu usiku, taa zimezimwa, ili asifike nyumbani na kuulizwa. Mwanamume kwetu ni pesa. Akikosa pesa si mtu, na mtu ambaye si mtu huzima simu. Niligundua kwamba tangu mzee aanguke mimi na yeye hatukuwa tumezungumza. Tulikuwa tunatumiana meseji za M-Pesa.

Kwa hiyo naye ameungua, na kilichomuunguza ni moto uleule ulioniunguza mimi: mwanamke awe mwili, mwanamume awe mfuko. Yeye alifukuzwa kwenye chumba cha mgonjwa kabla hajajaribu, akawekwa upande wa pili wa simu. Hajui baba yake anacheka vipi siku hizi, kwa nusu ya mdomo. Nimemhurumia, na bado sitasema tuko sawa. Yeye alipochoka alizima simu akalala. Mimi ningezima nini?

Dada yetu mkubwa yuko Riyadh. Anamtunza bibi mmoja wa Kisaudi aliyepata kiharusi. Anamgeuza, anamwosha, anampaka mafuta mgongoni, anamlisha kwa kijiko. Kazi ni ileile, hata tulikuwa tunapigiana simu kuulizana mambo ya vidonda. Yeye analipwa riali 900 kwa mwezi, zaidi ya Ksh 30,000, na nyumbani anaitwa mtu wa maana, kwa kikao mchango wake unasomwa kwa sauti. Mikono ya dada mmoja, ikigusa mgongo wa mgeni, ni ajira. Mikono ya dada mwingine, ikigusa mgongo wa baba yake, ni tabia njema. Huyo bibi ana bahati kwamba si ndugu yetu.

Serikali nayo ina tabia za kaka zangu. Mzee akifika miaka 70, mpango wa Inua Jamii unaweza kumpa Ksh 2,000 kwa mwezi. Anayemgeuza usiku hana senti. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema malezi ya mtoto ni jukumu sawa la mama na baba, wawe wameoana au la. Maneno mazuri, lakini sheria ya ajira ya 2007 ikimpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi, humpa baba wiki mbili. Wiki mbili ni likizo ya mgeni. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu anarudishwa ofisini kabla jembe halijaletwa.

Na ile sheria ya mali ya wanandoa ya 2013? Inakubali kwamba kupika, kusimamia nyumba na kulea watoto ni mchango wa kweli katika mali. Nilifurahi nilipoisoma, halafu nikaona hesabu hiyo hufanywa lini: ndoa ikivunjika. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja athibitishe alichochangia. Mwenye stakabadhi za saruji atathibitisha. Mama yangu alete nini mahakamani, risiti ya uji? Kazi ya nyumbani Kenya hupata bei siku ya talaka, kabla ya hapo ni upendo.

Hapo ndipo nafika kwenye sifa, kwa sababu sifa ndizo mshahara wetu. Katika miezi kumi na tisa nimeambiwa "Mungu atakulipa" na kila mtu aliyepita mlangoni. Nimeitwa shujaa kanisani, nikapigiwa makofi. Baba mdogo alisema kwenye mazishi ya jirani kwamba kila boma lingekuwa na binti kama mimi, Ugusii ungekuwa mbinguni. Kila mara niliona vizuri, na kila mara, makofi yakiisha, mzigo ulikuwa palepale. Baadaye nikaanza kuona wanaonisifu zaidi ni akina nani. Walikuwa wale waliokuwa na uwezo wa kunisaidia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini siku hizi hawasemi ni mwepesi. Wanasema ni mzito sana, ni wewe tu unayeuweza. Hiyo sifa ni kufuli. Ukishaitwa mwanamke wa nguvu, kuchoka kunakuwa usaliti wa jina lako mwenyewe.

Mashauri ya mjini si bora. Marafiki zangu wa Nairobi waliniambia nijipende, nipumue, nichukue siku yangu, nikatae nishati mbaya. Aki nawapenda. Lakini siku yangu ikifika, nani atamgeuza mzee saa kumi na nusu? Ukimwambia mlezi ajitunze na hukumletea mtu wa kushika nafasi yake, umemwongezea kazi ya pili: sasa ana wagonjwa wawili, na mmoja ni yeye.

Mimi nataka zamu. Saa, zenye jina la mtu na siku ya wiki. Kikao cha familia kianze na saa kabla ya pesa. Ajuaye kweli kwamba hawezi kutoa saa, anunue saa: amlipe mtu mshahara kila mwezi, na kama mtu huyo ni dada yake, amlipe dada yake vilevile kama angemlipa mgeni, bila kuita mshahara huo msaada. Atakayetaja mila aitaje yote, mpaka ile sehemu inayomdai. Muuguzi ampe glavu mwenye mabega. Na mvulana anayetoka jandoni apone, avae suruali yake mpya, arudi jikoni.

Machi 2024 mgongo uligoma. Nilishindwa kuinuka kitandani, mzee akakaa bila kugeuzwa nusu siku, na mama akapiga mayowe kama kumekuwa na msiba. Ilibidi niwe mgonjwa ili nisiwe binti. Pasaka tulifanya kikao kingine, na safari hii nilikuja na kalenda ya mwaka uliopita, nyuma yake nimechora siku saba na majina matano. Baba mdogo akaleta chinsoni. Nikamwambia, sawa baba mdogo, tuifuate yote, na mjukuu aitwe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo nayo ni kweli."

Kijana ana miaka kumi na tano, anasoma shule ya kutwa. Jioni ya kwanza alitetemeka. Jioni ya nne nilisikia kicheko chumbani, nikakimbia nikidhani kuna mtu ameanguka. Alikuwa anamwosha babu yake miguu huku akimwambia kwa utani kwamba vidole vyake vinafanana na ndizi za Daraja Mbili zilizokosa mnunuzi. Mzee alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka. Mimi sijawahi kumchekesha hivyo. Sikuweza, mimi ni mtoto wake. "Anti, toka," kijana akaniambia, "hapa kuna wanaume wanaoga." Nikatoka.

Sitakudanganya kwamba tumepona. Kaka wa pili hushika zamu ya kumwinua na kumkalisha, amefunika macho kwa ustadi wake, mila haikuvunjika. Kuna siku anasahau. Nimerudi Nairobi kwa wiki mbili za kila mwezi, kazi nyingine, mshahara mdogo. Mama bado hulala sikio moja likiwa wazi.

Nawe unayesoma hii ukiwa kwa matatu ya Rongai, simu yako itaita siku moja. Kama wewe ni binti, utaambiwa huna familia. Kama wewe ni mwana, utaambiwa tuma kitu. Yote mawili ni njia ya kukutenga na mtu mmoja aliyelala kitandani, na wote wawili mnaweza kukataa.

Jumamosi ni zamu ya kaka mkubwa. Jumamosi iliyopita hakufika. Alituma Ksh 2,000 na meseji: "Mungu akubariki sana dada, wewe ni nguzo yetu." Nilizirudisha zile pesa na kumwandikia: "Jumamosi hii ni yako. Beba glavu, zimeisha."